Mkwe Aliyegonga Gari la Gesare

Gesare alijifunza kuendesha gari kichwa chake kikiwa kimeanza mvi. Alifeli mtihani wa polisi, akarudi, akafeli tena, akarudi tena, mpaka yule mtahini akampa leseni, nadhani ili apate kupumzika. Kisha akanunua Datsun kuukuu nyeupe, pikapu, kwa fedha za cherehani. Wanaume wa Kiogoro, kijijini kwetu, walicheka wiki nzima, halafu wakaanza kumwomba lifti.

Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mjane, mama wa Marion na wavulana wawili waliokuwa Nairobi. Shule zikikaribia kufunguliwa alipakia marobota ya sketi na kaptura akayapeleka Ikonge, Gesima na shule nyingine za ndani kabisa huko Nyamira, ambako washonaji wa mjini waliona ni mbali. Hakushona vizuri kuliko wenzake. Sketi aliyonishonea mimi ilipinda, na nilimwambia. Lakini alifika, mvua inyeshe isinyeshe, na walimu wakuu walimpenda kwa hilo tu. Bila ile Datsun angekuwa mama mmoja tu mwenye cherehani.

Mimi ni Kwamboka, jirani yake, mwalimu wa shule ya msingi. Najua nasemwa kwamba nina mdomo. Waseme.

Gari alilikatia bima, tena ile kubwa, inayokulipa hata kama mwenye kukugonga ametokomea. Aliyemuuzia ni Prabha, ambaye yeye na mumewe Indravadan walikuwa na duka la vitambaa mjini Kisii, na juu ya duka, kwenye chumba kimoja chenye dirisha, Prabha alikuwa ajenti wa kampuni fulani ya bima ya Nairobi. Gesare alinunua vitambaa chini, akapanda ngazi akalipia bima juu. Mogire, kaka ya marehemu mumewe, hakuacha kumcheka. Alisema hajawahi kuona mtu anayelipia ajali ambayo haijatokea.

Ikatokea Desemba ya mwaka tisini na tatu, nayo ikatokea nyumbani kwake mwenyewe, gari likiwa limeegeshwa.

Siku hiyo watu wa Gesima walikuwa wamekuja kwa mazungumzo ya mahari. Marion alikuwa ameposwa na Nyamweya, kijana mpole aliyefanya kazi ofisini Nyamira, na baba ya kijana, mzee Okemwa, alikuja mwenyewe akiendesha Land Rover yake. Okemwa alikuwa karani mstaafu wa kituo cha kununulia majani chai. Mrefu, koti limefungwa vifungo vyote, maneno yake anayapima kama alivyokuwa akipima chai ya watu. Mwanawe alitaka kumwendesha, akakatazwa.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Walikula, wakanywa, wakakubaliana warudi kabla ya Krismasi kumaliza maneno ya ng'ombe. Mvua ilikuwa imenyesha na ua wa Gesare una mteremko. Okemwa alipokuwa akirudisha Land Rover nyuma ili ageuze, magurudumu yakateleza, na Land Rover ikashuka kwa kishindo ikaikumba Datsun pale karibu na migomba. Nilikuwa jikoni naosha sufuria. Mlio ule ulinifanya niangushe mfuniko.

Nilipotoka, mdomo wa Datsun ulikuwa umeingia ndani, boneti imekunjana, taa moja inaning'inia, na maji ya rejeta yanachuruzika.

Sasa, mgeni hawezi kuelewa lililofuata asipojua chinsoni. Hiyo ndiyo heshima yetu Abagusii, heshima iliyochanganyika na aibu, na hapana mahali inapobana kama kati ya wakwe. Wazazi wa mume na wazazi wa mke huitana korera, na korera haonwi akiwa na aibu. Akijikwaa, hukuona. Akitamka neno la ajabu, hukusikia. Ukiona, aibu ni yako wewe uliyeona.

Basi hakuna aliyetoa amri. Wanawake tulijikuta tumejipanga mstari mbele ya Datsun, tumetanua leso, tunaimba wimbo wa kuwaaga wageni kwa sauti ambayo ungedhani tumeahidiwa nyama. Gesare alisimama katikati, mgongo wake ukigusa taa iliyovunjika. Alikuwa anaimba na machozi yanamlengalenga.

Okemwa alishusha kioo. "Nimegonga nini?"

"Hakuna kitu, korera," Mogire akajibu, kwa kuwa yeye ndiye aliyesimama badala ya baba wa msichana. "Ni mgomba tu."

Mgomba gani unaolia kama debe la mabati, hakusema. Okemwa alitutazama sisi na leso zetu. Alikaa ameshika usukani kwa muda, tukaimba ubeti mwingine. Kisha akasema, "Haya," akaondoka.

Land Rover ilipopotea kwenye mikaratusi tukanyamaza wote kwa pamoja. Mogire alilizunguka gari, akatazama kila jeraha, akatugeukia.

"Hapa hakuna gari iliyogongwa," alisema. "Tumeelewana?"

Tulielewana. Ndiyo shida yenyewe, tulielewana mno.

Kosa kubwa lilifanyika siku iliyofuata. Datsun ilivutwa kwa kamba mpaka kwa fundi nyuma ya soko, na fundi akaeleza kwamba kuna kazi mbili. Kuna ya ndani, yaani rejeta, feni na vyuma vinavyoshikilia injini, na kuna ya nje, yaani kunyoosha bodi na kupaka rangi. Akauliza aanze na ipi. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema ya ndani. Lakini wageni walikuwa wanarudi, na Okemwa akikuta Datsun imekunjamana atajua ni yeye, na akijua ni yeye ataona aibu mbele ya watu anaotaka kuwapa ng'ombe. Mogire akasema uso kwanza. Gesare akatoa akiba yake yote, na gari likanyooshwa, likapigwa rangi, likang'aa kuliko siku alipolinunua. Halikuweza kusogea hata hatua moja, maana fundi alikuwa ameng'oa rejeta na feni zilizovunjika ili anyooshe bodi.

Ndipo akakumbuka bima. Tulipanda ngazi pamoja, mimi na yeye. Prabha alituagizia chai na kumsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akavua miwani.

"Mama Marion, gari umepeleka kwa fundi kabla mkaguzi hajaona?"

"Ndiyo, Mama Trisha."

"Umenyoosha? Umepaka rangi?"

"Imekuwa nzuri sana," Gesare akasema, kwa sauti ndogo.

Prabha hakucheka, na namheshimu kwa hilo mpaka leo. Alieleza polepole. Kampuni hailipi isichokiona, lakini kama fundi bado ana vyuma vilivyoharibika, labda mkaguzi atakubali kuvitazama. Hata hivyo lazima ajali iwe imeripotiwa polisi, na kwenye karatasi ya polisi lazima pawe na jina la aliyegonga. Gari lililoegeshwa uani halijigongi lenyewe.

"Nikisema simjui?"

"Ilikuwa ndani ya boma yako, mchana, watu wamejaa. Nani ataamini? Halafu ni uongo, Mama Marion. Wakijua, hutalipwa hata ukigongwa tena."

Gesare akamweleza kuhusu chinsoni. Nilidhani Prabha atashangaa, lakini aliitikia tu kwa kichwa. Alisema alipoolewa alikaa miaka nyumba moja na baba mkwe wake bila kumwonyesha uso. Akiingia, yeye anavuta sari mpaka kidevuni. Siku moja mzee yule alitia chumvi kwenye chai akidhani ni sukari, na yeye akamwona kupitia kitambaa, na hakusema. Mzee aliinywa yote.

"Kwa hiyo mimi naelewa," alisema. "Lakini Nairobi hawaelewi. Wanataka jina."

Tulishuka ngazi. Chini, Indravadan alikuwa akipima kitambaa cha sare, ile kijani ya shule moja ya Ikonge, na Gesare akakishika, akakiacha. Shule zingefunguliwa Januari. Marobota yalikuwa yamejaa sebuleni kwake.

Mogire alipopata habari kwamba tulikwenda kwa ajenti alikuja jioni hiyo hiyo. Hakukaa. Alisema Gesare akilipeleka jina la korera polisi, yeye hatakanyaga tena katika mazungumzo ya Marion, na msichana asiye na wa kumsemea ataolewa vipi. Nilimuuliza kama yeye atabeba sare mgongoni mpaka Gesima. Akaniambia niende nikasahihishe madaftari.

Marion naye alikuja wikendi. Nilidhani vijana wa siku hizi wameachana na mambo haya. Alikaa kitandani kwa mama yake, akasema, "Mama, gari ni kazi yako, najua. Lakini nikiingia kule kama mtoto wa mwanamke aliyemripoti baba mkwe polisi, nitakaa aje?"  Usiniulize kama mimi nilikuwa na jibu.

Gesare aliponisindikiza mpaka kwenye njia alisimama akakunja mikono. "Nina hasira, Kwamboka," alisema, "na sijui nimkasirikie nani. Mzee wa watu hajanikosea makusudi. Mogire anatunza jina letu. Mtoto anaogopa. Wote wana haki, na gari imekufa."

Siku ya wageni ilipofika, vijana waliivuta Datsun kwa kamba alfajiri, wakaisukuma mpaka pale pale karibu na migomba, wakaigeuza uso uangalie njia. Iling'aa sana. Mogire aliifuta vumbi kwa mkono wa koti lake.

Okemwa hakuja na Land Rover. Alikuja na gari la kukodi, pamoja na Nyamweya na wazee wawili. Aliposhuka aliitazama Datsun, akatazama mahali ilipogongwa hasa, kisha akaingia ndani akaketi. Tangu hapo mambo yakaanza kwenda kombo. Mogire akitaja ng'ombe, Okemwa anasema, "Tutaona." Mogire akitaja mwezi wa arusi, Okemwa anasema, "Hilo nalo tutaona." Chakula alikigusa tu. Nyamweya alikuwa akitazama sakafu muda wote, na Marion, jikoni, aliacha kupakua akakaa juu ya kigoda. Kila mtu alijua kuna kitu kinavunjika, na hapana aliyethubutu kukitaja.

Okemwa akasimama kuaga. Wazee wenzake walielekea kwenye gari lao, lakini yeye akabaki uani, akamgeukia Gesare.

"Korera, nina haja mjini. Nipeleke na gari yako."

 Ombi la korera halikataliwi. Mogire alianza kusema kwamba vijana watamtafutia gari jingine, kwamba Datsun haina mafuta, kwamba Mama Marion amechoka. Okemwa hakumtazama. Alikwenda akafungua mlango wa abiria, akaingia, akaketi, akaweka kofia yake magotini.

Gesare alichukua ufunguo. Aliingia upande wa usukani, akafunga mlango. Tuliwaona kupitia kioo, watu wazima wawili wamekaa wima ndani ya gari lisilotembea, wanatazama migomba. Nilitamani ardhi inimeze, na halikuwa gari langu. Kisha akatoka. Alizunguka mpaka upande wa mzee, akasimama karibu na dirisha, na ingawa alisema kwa Ekegusii na kwa sauti ya chini, sote tulisikia.

"Baba, hii gari haitembei. Uliigonga siku ile. Tulikudanganya kwamba ni mgomba. Tumeinyoosha nje ili usione, ndani imeharibika, na sina njia ya kuitengeneza bila kwenda polisi na jina lako. Sikutaka kukuaibisha. Lakini hii gari ndiyo inayonilisha."

Mogire alifunika uso kwa kofia yake. Okemwa alibaki ameketi vile vile, na aliponena hakuwa na haraka.

"Nilifika Gesima na rangi nyeupe kwenye bampa," alisema. "Nikasema, kesho watakuja. Nikavaa koti nikakaa nje. Hamkuja. Kesho yake nikavaa tena. Nikasema watatuma mtu. Hamkutuma. Mimi nimekuwa karani maisha yangu yote, nimekosea mizani mbele ya watu, nimesema nimekosea, nimepima upya. Kwenu nimeonekana ni mtu wa kufichwa kosa lake, kama mtoto aliyejikojolea."

"Mbona wewe hukusema, mzee?" Hiyo ilikuwa sauti yangu. Nilishajieleza kuhusu mdomo.

Alinitazama bila hasira. "Niliuliza. Nikajibiwa. Ningeshuka niwasukume wanawake na leso zao nione?"

 Akaendelea, sasa akimtazama Gesare peke yake.

"Leo nilikuja kusema ng'ombe wabaki kwangu. Si kwa sababu ya gari. Nilikaa nikafikiri, huyu msichana akija kwangu, akiwa mgonjwa, akilala njaa, mwanangu akimpiga, nikimuuliza kuna nini, ataniambia ni mgomba. Watu ambao hawawezi kuniambia nimegonga gari, nitaishi nao vipi?"

 Gesare alimfungulia mlango, na mzee akatoka polepole, na wakasimama wakitazamana usoni, jambo ambalo kwetu korera hawafanyi. Nyamweya alikuja akashika mkono wa baba yake. Okemwa akamwambia Mogire kwamba warudi ndani, maana bado hawajaongea juu ya ng'ombe.

Jumatatu alikuja Kisii mapema kuliko sisi. Tulimkuta kwenye ngazi za polisi amevaa koti lake. Askari alipouliza nani amegonga gari ya huyu mama, Okemwa alisema jina lake kamili, la baba yake, na la kijiji, akangoja mpaka yaandikwe sawasawa. Kutoka hapo tukaenda kwa Prabha, ambaye alipomwona mzee anapanda ngazi zake alivuta ncha ya sari kichwani bila kufikiri. Alimuuliza, kama ilivyompasa, kwa nini ajali haikuripotiwa mapema. Okemwa akajibu kwamba alikuwa akingoja aambiwe.

"Hiyo siwezi kuandika," Prabha akasema. Wakatafuta maneno mengine.

Mkaguzi alikuja, akatazama vile vyuma ambavyo fundi alikuwa bado hajauza, akanung'unika, akakubali. Kampuni ililipia ya ndani. Kunyoosha na rangi hawakulipia, kwa kuwa hakuna jicho lao lililoona, na hapo Gesare hakubishana. Alichelewa kupeleka sare, akapoteza shule moja ya Ikonge ambayo hakuipata tena. Marion aliolewa Aprili, kwenye matope, na Mogire ndiye aliyesema maneno marefu kuliko wote.

Ningeweza kuishia hapo, lakini ningekuwa nimekunyima jambo lililonifanya nitake kumsimulia huyu mwanamke.

Mwaka wa tisini na nane Okemwa aliugua. Alikonda, akashindwa kumeza ugali, akapelekwa hospitali akarudishwa. Wanawe waliambiwa na daktari, wakakubaliana kwamba mzee aelezwe ni vidonda vya tumbo na kwamba atapona. Kila aliyeingia alimwambia ameanza kunenepa. Walimpenda, sina shaka. Siku moja mzee akamtuma Nyamweya amwambie Gesare aje peke yake. Gesare alinichukua mimi, kwa kuwa njia ya Gesima ni ndefu na alikuwa anaogopa.

Tulimkuta amekaa kwenye kiti nje, amefunikwa blanketi, anatazama majani chai yake. Baada ya salamu akawaambia watu wa nyumba wampishe. Mimi nilisogea, si mbali.

"Korera," alisema, "hapa wote wananiambia nitapona. Marion akiniambia hivyo anatazama pembeni. Wewe umesikia nini?"

Gesare alikuwa amesikia yote kutoka kwa Marion, na alikuwa ameombwa, kwa kilio, asiseme.  Akakivuta kigoda karibu, akaketi chini ya usawa wa macho ya mzee.

"Si vidonda, baba," alisema. "Ni saratani, na imeenea. Daktari haoni kama utafika mwisho wa mwaka."

Okemwa alifumba macho.  Kisha akauliza huu ni mwezi wa ngapi, akaambiwa ni wa saba, akasema basi kuna muda. Alimwomba awaite wanawe wote, maana alikuwa na shamba la chai la kugawa na mke wa pili ambaye hakuna aliyemtaja, naye alitaka kuyasema hayo kwa mdomo wake. Gesare alipoinuka, mzee alimshika kiganja.

"Ahsante," alisema. "Nilikuwa peke yangu sana."

Tukarudi. Tulipovuka mashamba ya chai Gesare alisimamisha gari kando ya barabara, akazima injini, akaweka paji la uso kwenye usukani. Alilia mpaka akamaliza, nami sikumwambia anyamaze.